Namba za Peke Yake

Chini ya duka la mikate la Bogumił, mjini Białystok,
kando ya tanuri la matofali lililorithiwa mara mbili,
kuna mashine nne zisizojua mkate ni nini.
Zinahesabu. Usiku kucha zinahesabu,
na joto lake, badala ya kupotelea kwenye theluji,
linaumua unga.
"Hesabu inajilipia kodi," husema Bogumił,
akinirushia taulo nifunike makarai.

Namba yenyewe aliniandikia kwa kidole, juu ya meza ya kukandia:
mbili mara mbili mara mbili,
hata kipeo kifike mamilioni,
kisha utoe moja.
Moja tu. Kama mtu aliyemwaga ghala zima
akarudi kuokota punje.
Ukiiandika kwa lugha ya mashine, alisema,
haina sifuri hata moja tumboni:
moja moja moja moja moja,
foleni ya watu wasioshikana mikono,
kutoka mlangoni petu hadi, sijui, Vladivostok,
na idadi yao, nayo, lazima ikatae kugawanywa.

"Utajuaje kama ndiyo?"

Akachukua thelathini na moja, kitinda mimba wa ukoo ule,
au karibu na kitinda mimba.
Anza na nne. Izidishe kwa yenyewe, toa mbili: kumi na nne.
Tena: mia moja tisini na nne.
Gawanya kwa thelathini na moja, bakiza nane.
Nane kwa nane, toa mbili: sitini na mbili.
Gawanya. Baki?
Sifuri.
Akapiga kofi, unga ukamrukia nyusi.
"Hapo ndipo unaposherehekea, kijana. Pasipobaki kitu."

Genowefa alikuwa akiipaka mikate yai.
Hakugeuka.
Chumba cha juu, walichokipaka rangi ya njano
mwaka waliooana,
siku hizi kinatunza magunia.

"Kwenu mnaziitaje?" aliniuliza asubuhi moja.
"Sisi tunaziita namba za kwanza."
Ulimi wangu ulikuwa na neno tayari,
neno nililokaririshwa shuleni bila kulitazama usoni,
na siku hiyo nikalitazama.
Tasa.
Nikalimeza, la moto kama kiazi.
"Namba za peke yake," nikasema.
"Jina lenye adabu," akasema Genowefa,
akaendelea na brashi yake.

Machi, siku ya tisini na moja, mashine zikanyamaza.
Baki halikuwa sifuri.
Ilikuwa safu ya tarakimu, ndefu, isiyo na sura,
kama makombo chini ya meza.
Bogumił akavua miwani. "Siyo. Ina vigawo."
"Vigawo gani?"
"Jaribio halisemi. Linajua tu kwamba vipo."
Genowefa akasimama na trei mkononi,
akalirudia lile neno la mumewe, polepole,
nami, niliyezoea kutafsiri kichwani,
nikasikia: *wapo*.
Wapo, na hakuna aliyewahi kuwaita kwa majina.

Nilitaka kumwambia jambo nililolipata baadaye, peke yangu,
nyuma ya risiti ya hamira:
kwamba ile thelathini na moja, isiyogawanyika,
ukiizidisha kwa kumi na sita
inaleta mia nne tisini na sita,
na hiyo, jumlisha vigawo vyake vyote, iache yenyewe nje,
moja, mbili, nne, nane, kumi na sita,
thelathini na moja, sitini na mbili,
mia ishirini na nne, mia mbili arobaini na nane,
vinarudi kuwa ileile, bila upungufu, bila ziada.
Namba kamilifu.
Kila tasa wa ukoo ule ana mmoja wa namna hiyo.
Lakini ningelazimika kuanza na lile neno.

Nikafunika makarai.
Bogumił akaandika kipeo kipya, akabonyeza,
na mashine zikaanza tena, na nne.